Maji Yaliyomwagwa Dirishani

Mke wangu aliteleza akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akaangukia mawe ya mfereji, mgongo ukavunjika. Alitoka hospitalini akarudi nyumbani kwetu Uru miguu ikiwa imekufa ganzi, na mkojo ukipitia kwenye mpira hadi kwenye mfuko ulioning'inia pembeni mwa kitanda. Nesi alinifundisha: ninawe mikono kwanza, mfuko usipande juu ya kiuno chake, na mgonjwa anywe maji mengi. Watoto wetu wanafanya kazi mbali. Nilibaki mimi.

Nilikuwa mtu wa kahawa na ng'ombe. Ya ndani sikuyajua. Nilijifunza. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamwaga mfuko asubuhi, mchana na jioni. Kitanda nilikisogeza dirishani aione migomba yake. Kila nilipoinama kushika mfuko, alitazama ukutani. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuvua nguo mbele yangu taa ikiwaka.

Asubuhi moja, msimu wa kuchuma kahawa, niliamka nimechoka nikaukuta mfuko umejaa pomoni. Nikasonya. Sikusema neno, nilisonya tu, nikatoka na ndoo.

Baada ya hapo mfuko ukawa haujai. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kila niliporudi kutoka shambani nilikuta jagi la maji likiwa tupu kando yake, nikamsifu kwamba anakunywa vizuri. Mkojo ukageuka rangi ya chai isiyo na maziwa, nikajiambia ni dawa. Halafu siku moja haukutoka kabisa. Tumbo lilivimba, akatetemeka kwa homa.

Nilimpigia jirani mwenye gari, nikafungua dirisha lote apate hewa. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, vumbi tupu hadi barabarani. Chini ya dirisha letu tu udongo ulikuwa umelowa, na majani mabichi yameota.

Hospitalini walibadilisha mpira, wakasema ulikuwa umeziba na maambukizi yamefika kwenye figo. Homa iliposhuka kidogo nikamuuliza kwa nini alikuwa anayamwaga maji. Aligeuza uso ukutani.

"Nilikusikia siku ile, Baba," akasema. "Nikaona nikinywa kidogo, utapumzika."

Nilimwambia nilisonya uchovu wangu, sikumsonya yeye. Akasema anajua. Sijui kama alijua kweli au alikuwa ananipunguzia mzigo tena.

Tulirudi nyumbani. Nilimwekea kikombe na mimi changu, tukawa tunakunywa pamoja, nikikaa hapo hadi amalize. Alikunywa yote, hata siku alizoshindwa kumeza uji. Figo hazikupona. Aliishi miezi minne.

Siku ya mazishi, hapo kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, padre alisema wanaume wajifunze kwangu. Akina mama wa jumuiya walisimama kunishukuru kwa kumtunza mwenzao. Nilikaa nimeinamisha kichwa. Watoto wangu walikuwa wamenizunguka wakilia. Mpaka leo sijawaambia. Dada yake marehemu akanigusa bega, akaninong'oneza kwamba watu wanasubiri neno langu.

Nikasimama, nikasema asanteni.