Maiti ya Baroni Yafungua Njia

Mabaroni wa Knockavarra, kijiji chetu, walipewa cheo na mfalme wa Uingereza, pamoja na ardhi yetu, utadhani ilikuwa yake ya kugawa. Cheo kilirithiwa na wanaume tu. Wengine walifia vitani, wengine pombe iliwamaliza, hadi akabaki wa saba, mzee mwenye binti mmoja, Lettice. Mzee huyo ndiye aliyeifunga kwa geti la chuma njia ya miguu iliyokatiza shamba lake hadi kanisani kwetu na makaburini. Tukawa tunazunguka ukuta mzima, mvua ikitupiga.

Wote isipokuwa Bedelia Heneghan, mfua nguo. Kila Jumapili alipandisha sketi, akaruka geti, akapita zake. Baroni alimshtaki mahakamani. Alipotoka huko alipita palepale, mchana kweupe, akiimba. Sisi tulimcheka, lakini moyoni tulimwonea wivu.

Februari moja mzee akafa. Kwetu jeneza hubebwa mabegani, na wanaoanza kuliinua ni wanaume wanne wa jina la ukoo wa marehemu. Wa jina hilo hakubaki hata mmoja. Lettice akamwendea Bedelia, ambaye kaka zake wanne walikuwa miamba ya kijiji.

“Bi Bedelia, nisaidie. Baba hana wa kumbeba.”

“Watambeba. Ila watapita njia yetu.”

Lettice kazaliwa hapa, aliijua imani yetu: njia iliyopitishwa maiti haifungwi tena, hata na mfalme.

“Baba angekasirika sana.”

“Basi aamke anizuie.”

“Una roho ngumu, wewe mama.”

“Bibie, nimeloa vya kutosha. Ufunguo uko wapi?”

Lettice alilifungua geti kwa mkono wake, akilia. Akina Heneghan wakamwinua mzee, na Bedelia akatangulia, kichwa juu. Kijiji kizima kilifuata, hasa waliomchukia marehemu. Katikati ya shamba kaka mmoja akalalamika kwamba jeneza ni zito.

“Pumzikeni,” Bedelia akasema. “Mzee hana haraka. Mwacheni aione njia vizuri.”

Tulicheka msibani, na sioni aibu kusema hivyo.

Wenye vyeo huandika kwamba baroni wa saba alikufa bila mrithi. Waje Jumapili asubuhi watuone tukipita.