Wachumba wa Kuazima

Nesi aliniuliza, "Mchumba wako anakoroma?"

Nikamgeukia mwanaume niliyekaa naye. Ndiyo kwanza namwona tangu nizaliwe.

"Kidogo tu," nikajibu.

Subiri nikueleze nilivyofika pale.

Mimi ni msusi. Dada yangu alikuwa anaolewa na mhasibu mmoja mpole, shemeji mrefu mpaka anainama mlangoni. Wazee wa pande zote wakasema hakuna harusi mpaka wapime damu, hasa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Kwetu ugonjwa huo hautajwi ovyo. Ndio uliomchukua mdogo wetu wa mwisho. Nilikuwa namkanda miguu huku analia, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Mimi nilishapima, sina. Dada alikuwa hajapima kwa sababu ya woga.

"Mdogo wangu, nenda wewe kwa jina langu," akanibembeleza. "Mwenzangu anapima asubuhi, wewe nenda mchana. Hamtaonana."

"Nesi akijua je?"

"Atajuaje? Mimi na wewe si tumbo moja?"

Dada akikubembeleza hivyo, utasema nini? Nikaenda, roho nzito.

Nikatolewa damu, nikakaa kwenye benchi kusubiri. Baadaye nesi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaita jina la dada. Halafu akaita la shemeji.

"Majibu ya wachumba tunasoma pamoja," akasema.

Nikajua leo nimeumbuka. Shemeji akiniona tu, kwisha habari.

Aliyesimama akawa mwanaume mfupi, ovaroli ina grisi, mwisho kabisa wa benchi.

Tukatazamana. Nilijua si shemeji. Naye, kwa alivyomeza mate, alijua mimi si dada. Nikimchoma yeye, nimejichoma mwenyewe. Tukaingia pamoja.

"Mmejuana muda gani?" nesi akauliza.

"Miaka miwili," nikasema.

"Mitatu," akasema yeye, kwa pamoja na mimi.

Nesi akainua macho.

"Mwaka mmoja tulikuwa tumenuniana," akaongeza.

Nikajiuma shavu nisicheke. Hapo ndipo likaja lile swali la kukoroma.

Nesi akashika majibu. "Bwana amebeba selimundu, yeye mwenyewe haumwi. Bibi huna kabisa. Hamtazaa mtoto mwenye ugonjwa huo. Mnaweza kuoana."

Mwenzangu akashusha pumzi. Mimi nikaikumbuka miguu ya mdogo wangu mikononi mwangu. Dada angeolewa kwa damu yangu, halafu azae kwa damu yake.

"Nesi, mimi siye bibi harusi," nikasema.

Yule mwanaume akajikuna kichwa. "Basi na mimi siye bwana harusi. Bwana harusi ni binamu yangu, anaogopa sindano. Mimi fundi friji."

Nesi akavua miwani taratibu.

"Wachumba gani wanakaa kila mmoja ncha yake ya benchi? Nilikuwa nangoja nani ataanza. Kukoroma mimi kunanihusu nini? Kawaiteni wenyewe."

Dada alininunia, lakini alikwenda. Shemeji naye alikwenda, akazirai kabla sindano haijamgusa.

Wote wawili wamebeba, na mtoto wao angeweza kuugua.

Dada alilia begani kwangu mpaka blauzi ikalowa. "Ningekuja kumkanda mtoto miguu bila kujua kosa liko wapi," akasema. Hakuninunia tena.

Harusi ikaahirishwa. Bado wako pamoja, wanakwenda kwa mshauri, na uamuzi ni wao. Ila sasa wataamua macho yakiwa wazi.

Na mimi?

Fundi alikuja saluni na mkoba wa vifaa.

"Friji iko wapi?"

"Sina friji."

"Najua," akasema, akavuta kiti.

Tulipoamua kuoana tulirudi kwa nesi yule yule, safari hii kila mtu kwa jina lake. Akatuangalia, akacheka mpaka akashika meza.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumtuma mtu akupimie, sikiliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza kwamba damu haina mwakilishi. Nenda mwenyewe, kaa benchi moja na mwenzako, msikie majibu pamoja.

Na nesi, kama unasoma hapa, nilikudanganya jambo moja zaidi. Anakoroma, na si kidogo.