Nilivyompa Winga Wetu Ugonjwa Ambao Hakuwa Nao

Makosa ni yangu. Wacha nianze hapo, kwa sababu nikianza na mambo ya golikipa mtanihurumia, na mimi si mtu wa kuhurumiwa. Nilisema uongo mbele ya watu, hoteli imejaa, na hiyo uongo niliitengeneza nikikoroga chai.

Jina langu siwezi kusema. Kwetu ni Othaya, upande wa kuteremka mtoni. Nilikuwa nimemaliza Form Four nikingoja kazi, na huku kungoja, kazi yangu ilikuwa mpira. Si kucheza. Miguu yangu haielewani. Kazi yangu ilikuwa kushabikia, na hiyo niliifanya kama mtu ameandikwa kazi.

Timu yetu ilikuwa ya kiwanda ya kahawa. Mchezaji mzuri anapewa kazi kiwandani, anageuza kahawa kwa meza za kuanika, jioni anaenda uwanjani. Winga wetu alikuwa Wachira. Mimi na yeye tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hivyo tulikuwa tunaitana wakini, na hilo si jina unapatia kila mtu. Wachira akishika mpira upande wa kulia, hata wamama wa kuchuma chai walikuwa wanasimama barabarani na vikapu mgongoni waangalie.

Na alikuwa anamtaka dada yangu, Wangeci. Kila mtu alijua. Wazee wake walikuwa wanajitayarisha kuleta mbuzi za kwanza kwetu ndio maneno ianze.

Sasa, kwetu mbuzi hazipokelewi tu hivi hivi. Kabla zifike, watu wa msichana wanauliza chinichini. Hiyo boma iko na wazimu? Iko na kifafa? Kuna mtu wa kifua? Wakisikia kitu, mbuzi zinaambiwa zibaki kwao. Hii nilikuwa najua tangu nikiwa mtoto. Nilijua, na bado nilifanya.

Shida ilikuwa golikipa wetu. Alikuwa mtu mzuri, wa kanisa, lakini mpira ikikuja alikuwa anafunga macho. Kule Endarasha, nusu fainali, Wachira alifunga magoli nne peke yake. Tukafungwa tano. Tulirudi kwa lori ya kiwanda, golikipa amekaa nyuma kabisa amefunika kichwa na koti.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tulikutana kwa hoteli ya chai. Mwenyekiti wa mashabiki, Mzee Gathogo mwenye bucha, alikuwa na habari. Watu wa Wang'uru, wale wa mchele kule chini kwa joto, walikuwa na magolikipa wawili wazuri na hawana winga. Walikuwa tayari kutupatia yule wa kwanza, Muriithi, tuwapatie Wachira. Na juu yake, gunia ya mchele.

"Golikipa hafungi goli," Mwalimu Ouma akasema. Huyu alikuwa ametoka upande wa ziwa, anafundisha hesabu kwa sekondari, na mpira alikuwa anaijua kutushinda. "Mkitoa Wachira, nani atafunga? Gunia?"

"Hata hiyo gunia ikiwekwa kwa goli itaokoa kuliko huyu wetu," mtu akasema kule nyuma.

"Mwalimu, wewe hukuwa Endarasha," Mzee Gathogo akasema. "Mimi nilikuwa. Nilishindwa kufungua bucha kwa aibu."

"Lakini tulifunga nne, Mzee. Nne, ugenini."

"Na wakafunga tano. Si wewe ndiye wa hesabu?"

Watu wakacheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kuangalia ni nini.

"Mnataka kutoa ng'ombe ya maziwa mnunue mlango," Ouma akasema.

"Na hiyo maziwa tunakunywa lini, kama kila Jumapili mwizi anaingia?"

Mimi nilikuwa nimemwona huyu Muriithi. Nilikuwa nimeteremka Wang'uru na mjomba kununua mchele, nikamwona anashika mpira kwa mkono moja vile mtu anachuma papai. Tangu hiyo siku sikuwa na amani. Nilikuwa nalala nikimwona. Sasa nikaona maneno inaelekea kwa Ouma. Wengi walikuwa wanampenda Wachira, na Mzee Gathogo alikuwa ameshaanza kusema, "Basi, kama ni hivyo, kijana abaki."

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha.

"Wachira mwenyewe anataka kwenda," nikasema.

Watu wote wakanigeukia.

"Kwa nini?" Gathogo akauliza.

Sikuwa nimefikiria kwa nini. Nikakoroga chai yangu, na sukari nilikuwa nimeshaikoroga. Pale pembeni mzee mmoja akakohoa. Hapo tu ndipo niliipata.

"Ni kifua," nikasema. "Hii baridi yetu inammaliza. Aliambiwa hospitali atafute mahali pa joto. Aliniambia mimi kwa sababu ni wakini wangu, na hataki iongewe."

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Hataki iongewe. Nani sasa angeenda kumuuliza?

"Lakini huyu kijana anakimbia," Ouma akasema.

"Ndio hiyo inamuumiza, Mwalimu."

Mzee Gathogo akatoa kofia. "Maskini," akasema. "Na amekuwa akikimbia tu kwa ajili yetu." Mama mmoja akapangusa macho na kitambaa. Hata Ouma akainua mkono tukipiga kura. Kuna wengine najua walikuwa wanalilia mchele, lakini wengi walimhurumia kabisa.

Wachira hakuwa hapo. Alikuwa zamu kiwandani. Kesho yake meneja akamwambia kuna kazi yake Wang'uru, kwa mashine ya mchele, afunge vitu. Hakuna mtu alimwambia sababu, kwa heshima ya ugonjwa. Watu walikuwa wanamsalimia polepole, wanamshika bega, wanaenda. Yeye akaona amefukuzwa.

Alikuja kwetu jioni na suti-kesi yake.

"Wakini, wewe ulikuwa huko. Walisema nini juu yangu?"

"Walipiga kura tu."

"Na wewe?"

"Mimi nilinyamaza."

Akaniangalia. "Si mchezo wako kunyamaza," akasema, akaenda.

Muriithi akaja. Wueh, huyo mtu wa joto! Alifika na shati ya mikono mifupi, na kufika Jumatano alikuwa anavaa koti mbili na soksi kwa mikono. Mechi ya kwanza ukungu ilishuka, akawa anauliza beki, "Mpira iko wapi? Mnaiona?" Lakini ikimfikia alikuwa anaidaka. Sitamnyima haki yake. Wiki baada ya wiki hatukufungwa.

Na hatukufunga. Sufuri kwa sufuri. Tena sufuri kwa sufuri. Watu wakaanza kusema, "Kwani tunatoka nyumbani kuja kuangalia ukungu?" Mimi nilikuwa nawaambia wavumilie, timu inajengwa kutoka nyuma. Nilikuwa na furaha sana. Nilikuwa mtu wa kwanza kufika uwanjani na wa mwisho kutoka.

Siku moja nikarudi nyumbani nikapata Wangeci jikoni anamenya viazi, na viazi inabaki ndogo kama maharagwe. Mama alikuwa kwa kiti yake. Baba yetu alishakufa, kwa hivyo kwa mambo ya nyumba neno ya mama ndiyo inaanza, wajomba wanafuata.

"Wamesema wanaleta mbuzi," mama akaniambia. "Nimesema hapana."

"Kwa nini?"

"Mtu wa kifua? Nitoe msichana akawe mjane na hajazaa?"

"Nani amesema ako na kifua?" Wangeci akauliza. Ilionekana ameuliza hiyo swali siku mzima.

"Othaya yote. Mke wa Gathogo alinipa pole sokoni. Na ameambiwa na bwana yake, na bwana yake aliambiwa na mtu wa karibu kabisa na huyo kijana."

Nikachukua kikombe ya maji.

Mama akanigeukia. "Wewe ni wakini wake. Ni kweli?"

Mlango ilikuwa wazi hivyo. Ningesema neno moja tu. Lakini ningesema, Gathogo angejua, Ouma angejua, na Muriithi wangu angerudishwa Wang'uru na koti zake.

"Sijui vizuri, mama," nikasema.

Wangeci akaweka kisu chini, akatoka nje.

Tukaja kupangiwa kucheza na Wang'uru, kwao. Lori ikajaa, na Wangeci akapanda na wasichana wa kiwanda. Kule chini jua ilikuwa inachoma. Wachezaji wetu walikuwa wanatembea kama wamebeba mawe. Wachira alikimbia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alimzunguka beki wetu, akamzunguka tena kama amesahau kitu, akapiga, na hata Muriithi hakuigusa. Ndiyo goli ilitumaliza.

Refa kupuliza filimbi ya mwisho, Mzee Gathogo akamwendea. Alimwendea polepole, kofia mkononi, vile mtu anaingia wodi.

"Kijana, joto ya huku imekusaidia?"

"Kunisaidia nini, Mzee?"

"Kile kifua."

"Kifua gani?"

"Si tuliambiwa ulisema... ile ya hospitali."

"Mimi sijawahi kulala hospitali. Nani amesema hivyo?"

Mwalimu Ouma ndiye aligeuka wa kwanza. Aligeuka polepole akaniangalia, vile anaangaliaga mwanafunzi ameandika jibu bila kuonyesha njia. Halafu wengine wote.

Wangeci alikuwa karibu. Hakupiga kelele. "Ni wewe," akasema tu.

Na Wachira akaunganisha yote, nikamwona akiunganisha. "Kwa hivyo mbuzi zangu zilikataliwa juu ya golikipa."

"Wakini..."

"Usiniite hivyo."

Nilirudi Othaya nyuma ya lori, pahali pa kukaa yule golikipa wetu wa zamani. Yeye mwenyewe alinipisha.

Nikafikiri, sasa nitamwambia mama na itaisha. Nikamwambia yote, na chai na mzee wa kukohoa. Akanisikiliza.

"Ni dada yako amekutuma," akasema.

"Hapana, mama. Nilidanganya."

"Mtu anaweza kumpa rafiki yake ugonjwa juu ya mpira? Hata wewe huwezi kuwa mjinga hivyo."

Hapo ndipo nilijua nimefika mwisho. Nikidanganya naaminiwa na hoteli mzima, nikisema ukweli mama yangu ananitetea. Alikataa kabisa. Mwishowe akasema huyo kijana aje, amwone na macho yake.

Wachira hakutaka. Alisema yeye si ng'ombe ya kupimwa. Ni Wangeci aliteremka Wang'uru kumbembeleza, na sijui alimwambia nini, lakini Jumamosi alikuja, amevaa suruali ya kwenda kanisa.

Mama hakumpa hata kiti. Alimwonyesha debe. "Mto iko pale chini. Nataka maji, na usipumzike njiani." Halafu akanitazama. "Wewe chukua ingine, ndio nilinganishe."

Wale wanaojua milima ya kwetu wanajua hiyo haikuwa mchezo. Wachira alipanda na debe kwa bega kama ni tupu. Akafika, akaiweka chini bila kumwaga, akasema, "Mama, niongeze ingine?"

Mama akamzungusha, akaweka sikio kwa mgongo yake kama anasikiliza mlangoni. "Pumua. Pumua tena." Akakaa hapo kwa muda. "Hapa hakuna kitu," akasema.

Mimi nilikuwa kwa migomba, nimekaa chini, maji yote kwa suruali, nakohoa.

Mama akaangalia kule chini. "Hiyo ndiyo sauti nilikuwa naogopa," akasema. Wangeci alicheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimchekesha.

Mbuzi zilipokelewa. Wangeci ako Wang'uru sasa. Mzee Gathogo alimwomba Wachira arudi kwa timu, hata meneja wa kiwanda alimwomba, yeye akasema mlinitoa mkilia, siwezi kurudi mkilia tena. Ouma hajaniambia kitu, ila nikiongea mambo ya timu anaangalia saa.

Siku ya sherehe, ndugu ya msichana anakaaga na wanaume ndani, anasikilizwa. Mimi wajomba waliniweka nje kwa moshi, nigeuze nyama. Wachira alipita na watu wake nikamkatia kipande nzuri. Akachukua, akaniambia asante sana, vile unaambia mtu wa hoteli, akaendelea na mazungumzo yake.

Kwa hivyo wewe ambaye uko na timu, na unaona kabisa timu inataka kitu fulani na watu hawaoni, nisikilize. Sema kile unataka. Wakikataa, maliza chai uende nyumbani ukiwa umeshindwa. Usiguse mwili ya mtu, usiguse boma yake. Na kama umeshagusa, rudisha siku hiyo hiyo, hata kama watakucheka.

Mimi nilipata nafasi pale jikoni, mama akiniuliza uso kwa uso, dada yangu ameshika kisu na kiazi. Nikasema sijui vizuri. Na mnajua kwa nini? Jumapili hiyo hatukuwa tumefungwa goli, na nilikuwa naona maisha ni tamu.