Jumamosi Tuliyojifunza Neno "Panic"

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoka Nakuru kila Jumamosi kwa lori lililokuja Molo kuchukua viazi. Alikuwa kijana mwembamba, koti lake kubwa kuliko mabega, na alipenda maneno jinsi watu wengine wanavyopenda chai. Wanafunzi tulikuwa wanawake peke yetu, wachumaji wa maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, na tulisomea katika kanisa la mbao kando ya banda la kukaushia maua. Mimi nilikuwa nimefika umri wa kuolewa na sijaolewa, jambo lililomkosesha usingizi shangazi yangu. Yeye alikaa benchi la mbele, Biblia mapajani, hata kama somo lilikuwa majina ya mboga.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni neno moja: panic.

"Hii ni hofu," alisema, "lakini si hofu ya kawaida. Ukiona chui ukakimbia, hiyo si panic. Panic ni kukimbia kwa sababu mwenzako amekimbia, na yeye ukimuuliza, hajui."

Angeishia hapo tungekuwa salama. Lakini alitaka kutuambia neno lilizaliwa wapi. Akasema Wayunani wa kale walikuwa na mungu wa wachungaji, jina lake Pan.

Shangazi akainua kichwa. "Wayunani gani? Wale wa Paulo?"

"Ndiyo, mama, lakini kabla ya Paulo."

"Haya, endelea."

"Huyu Pan alikaa porini na mifugo. Juu alikuwa mtu, chini mbuzi. Alikuwa na kwato, ndevu na pembe mbili. Mchana alilala kivulini, na ukimwamsha alipiga ukelele mmoja tu. Kondoo walitawanyika, wachungaji wakatawanyika, na hakuna aliyejua anakimbia nini. Kwa hivyo hofu ya namna hiyo ikaitwa kwa jina lake."

Kwato, ndevu, pembe. Kila mwanamke mle ndani alimjua huyo bwana kwa jina lingine.

"Mwalimu," shangazi akasema polepole, "huyo umemleta kanisani kufanya nini?"

Kabla hajajibu, dirisha lililokuwa nyuma yake, lisilo na kioo, likajaa. Zilitangulia pembe, zikafuata ndevu, kisha kwato mbili zikatua juu ya ubao wa dirisha. Alikuwa beberu wa mpishi wa mzungu, aliyekata kamba. Akasema, "Meee!"

Shangazi alikuwa wa kwanza. Sikujua mwanamke wa umri wake, tena mnene hivyo, anaweza kuruka benchi. Wengine wakamfuata, wakibanana kwenye mlango uliotosha mtu mmoja. Wanaume wa bandani walipoona kanisa zima linatoka mbio, hawakuuliza. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, ya vita vya msituni na misako ya askari. Ukiona watu wanakimbia, ulikimbia kwanza. Trei za maua zikamwagika. Nyapara akakimbia huku akipiga filimbi, na ile filimbi ikawakimbiza watu wa shamba la viazi ng'ambo ya mto.

Mimi sikukimbia, na si kwa ushujaa. Rinda langu lilikuwa limenaswa na msumari wa benchi. Nilivuta, mwalimu akasimama na chaki yake mkononi, na beberu akaingia akaanza kula kitambaa cha kufutia ubao.

"Wewe mbona hukukimbia?" mwalimu akaniuliza.

"Nimenaswa."

Akautazama msumari, akamtazama mbuzi, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nikacheka. Aliponinasua, rinda likapasuka hadi gotini, na aibu ikampata yeye zaidi yangu.

Watu walirudi jioni, matope magotini, kila mmoja akiapa kwamba alimfuata mwingine. Wazee wa kanisa walimwita mwalimu ajieleze kwa kuleta mungu mgeni. Shangazi ndiye aliyemwokoa.

"Huyu kijana hakuabudu, alifundisha," alisema. "Na somo tumelielewa sote."

Jumamosi iliyofuata mwalimu alifika kwetu na kitambaa kipya cha rinda, kimefungwa kwa gazeti. Shangazi alimpa chai akamchunguza kwa muda mrefu. Baada ya mavuno, wazee wa kwao walikuja kuniposa. Shangazi akanivuta kando jikoni.

"Ana maneno mengi," alisema, "lakini hana mkono wa kupiga mtu. Nenda, mwanangu."

Nilihamia Nakuru mvua za masika zilipoanza.