Ngisi Aliyezungushwa Mjini

Shemeji yangu Eleuterio Cartes alinichafua jina mbele ya watu sitini, mdomoni bado anatafuna mkate niliooka mie, na kwa miaka kumi na tano akalala usingizi wake vizuri tu. Mie sikulala. Kwa hiyo nikimwelezea hapa, msitegemee nitampamba.

Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu Baudilio. Aliendesha winchi kiwanda cha unga wa samaki mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akawa hana kazi nyingine ila klabu ya wavuvi wa mshipi, wale wanaovua Jumapili kwa kujifurahisha. Kofia yake ilijaa beji mpaka ikamlalia masikio. Masharubu aliyapaka rangi nyeusi, na rangi ilimtiririka kukiwa na joto.

Kuvua alijua, hilo simnyang'anyi. Hawa ngisi wakubwa tunaowaita jibia walipoanza kujaa pwani yetu, wanaume wa klabu waliwaogopa. Ni mnyama anayemzidi mtoto wa shule uzito, ana mdomo kama wa kasuku na minyiri yenye meno, na akifika juu anageuka mwekundu, mweupe, mwekundu tena, kisha anakutemea maji na wino usoni. Eleuterio alimshushia chambo chake kile kinachong'aa, chenye ndoana kama taji, mita mia mbili chini, akamvuta bila kulegeza hata mara moja. Ukilegeza tu, amekwenda.

Lakini samaki akishatoka majini, Eleuterio alikuwa kama mgeni aliyefika msibani. Hajawahi kupaa hata dagaa. Alioshewa na mama yake, kisha na mkewe Marta. Marta alipokwenda Lota kumsalimia dada yake na kusahau kurudi, zamu ikaniangukia mie. Kila mtu hapa Huenquillo alilijua hilo. Eleuterio anavua, Zunilda anaosha na kupika. Jiko la klabu lilikuwa langu, na empanada zangu, zile sambusa za kuoka nilizojaza jibia na kuuza dirishani kwangu, watu walizifuata kutoka Concepción.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Februari, sikukuu ya klabu, miaka sita kabla bahari haijapanda na kutubomolea nyumba. Eleuterio akarudi asubuhi na jibia wa kilo thelathini. Nikamwambia hapo hapo gatini, mtoe matumbo sasa hivi, huyu si samaki, akikaa juani na ini lake ndani nyama inageuka. Akasema kwanza picha. Akampakia kwenye gari la mizigo, akamzungusha mjini. Kanisani, uwanjani, kwenye kituo cha polisi, hata nyumbani kwa yule mjane wa duka la viatu aliyekuwa akimmendea. Masaa manne. Jua la kiangazi.

Aliporudi nikamwambia huyo mtupe. Akakasirika. "Nitamwosha mwenyewe," akasema. "Unadhani ni kazi ya kwenda mwezini?" Akamburura uani kwake. Baada ya saa nzima akaniletea beseni la nyama limefunikwa taulo. Baudilio alikuwepo, aliona kwa macho yake nani kashika kisu.

Nyama ilinuka mkojo wa paka. Nilipaswa kuimwaga baharini. Sikuimwaga, kwa sababu meza zilishapangwa na Baudilio aliniomba nisimwaibishe kaka yake. Nikaichemsha na maziwa, nikatia jibini, nikatia pilipili, nikijua kabisa napaka rangi ukuta uliooza. Watu wakala. Kabla divai haijaisha, walikuwa wamepanga foleni chooni. Orfelina Sáez, mke wa mwokaji mikate, alibebwa zahanati akalala siku mbili.

Ndipo Eleuterio akasimama, akafuta masharubu, akasema, "Mimi nimevua tu, jamani. Muulizeni aliyeosha."

Sitini wakanigeukia. Nikasema kaosha yeye. Wakacheka. Wangeacha kucheka? Eleuterio kuosha ngisi! Nikamtazama Baudilio. Baudilio alikuwa anapangusa glasi. Glasi moja ile ile, anaipangusa tu.

Jiko la klabu wakampa mtu mwingine. Dirishani kwangu hakuja tena mtu wa Concepción wala wa hapa. Nikapewa jina, Bibi Tumbo. Nikipita sokoni wananiuliza, "Bibi Tumbo, leo unamlaza nani?" Na jina lile hakulibuni mwingine, alilibuni yeye. Baudilio alikufa miaka minane baadaye na siri yake. Nimemzika vizuri, jeneza zuri, maua. Sikumsamehe.

Kisha klabu ikapata katibu mpya, Yasna Neira, binti anayefundisha hesabu na asiyependa maneno mengi. Akaona kila mwaka kombe la jibia linachukuliwa na mzee mmoja kwa uzito tu, wakati wanawake wanakesha jikoni. Akaandika sheria mpya. Atakayeshindana atavua mwenyewe, ataosha mwenyewe mezani gatini mbele ya watu, na atapika mwenyewe. Wanawake nao ruhusa. Siku ile ile nikaenda kujiandikisha. Nilikuwa na miaka sabini na mmoja.

Siku ya mashindano tuliondoka saa kumi alfajiri, mashua moja, watu kumi na wawili. Eleuterio alikaa mbele na fimbo yake ya bei, mie nyuma na mshipi wa mkono kama alivyonifunza baba. Akapaza sauti wote wasikie.

"Bibi Tumbo, umekuja kuvua au kuombea wagonjwa?"

"Nimekuja kukutazama ukiosha, shemeji."

Watu wakacheka, safari hii hawakujua wanamcheka nani.

Wangu alishika kulipopambazuka. Jibia hapigi kama samaki, anakaa tu, kama unavuta godoro lililolowa. Viganja vilinichubuka. Alipofika juu nikamgeuza uso uelekee bahari, atemee huko. Kilo kumi na tatu labda. Nikamchoma katikati ya macho, nikampasua pale pale, nikang'oa ini na kifuko cha wino pamoja bila kuvipasua, nikawatupia shakwe. Nikamsuuza kwa maji ya chumvi, si ya bomba, nikamfunga kwenye gunia lililolowa.

Yasna akaniambia, "Mama, ukimtoa matumbo sasa uzito unapungua."

"Upungue."

Eleuterio alimtoa wa kilo thelathini na nne, akatemewa wino wote kwenye masharubu, angalau rangi ikalingana. Tulipofika gatini nilijiambia, miaka kumi na tano, hata punda hujifunza. Nikamwona anaita gari la mizigo. Akampakia jibia wake mzima, matumbo yake ndani, akamzungusha. Kanisani. Uwanjani. Nikakaa kwenye kreti kivulini na gunia langu, nikamsubiri, na sijawahi kusubiri kitu kwa raha namna ile.

Mizani ilimpa yeye ushindi. Akapigiwa makofi. Ikaja meza.

Jibia ana ngozi mbili. Ya juu ile nyekundu kila mtu anaiona. Ya ndani ni utando mweupe, umeganda na nyama, ukiuacha utatafuna mpaka Pasaka. Niliondoa zote mbili, nikakata vipande, nikavitia ndani ya kipande cha tairi kama tunavyofanya kwa konokono wa baharini, nikavigonga kwenye saruji mpaka vikalegea.

Eleuterio akakishika kisu kama kalamu. Akachoma palepale pasipotakiwa, ini likapasuka, uji wa kahawia ukamwagika juu ya nyama yote. Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Zunilda, hebu njoo ushike hapa."

Yasna hakuinua macho kwenye daftari. "Kila mtu na wake, mzee. Ndiyo sheria."

Basi akafungulia bomba, akaosha kwa maji matamu na vidole, akabandua ngozi ya juu vipande vipande kama anayebandua tangazo ukutani. Ya ndani hakujua kama ipo. Akajaza sufuria, akatia vitunguu saumu kichwa kizima, pilipili, akatumbukiza na kizibo cha chupa ya divai kwa sababu aliwahi kusikia kinalainisha. Kizibo kililainika kuliko nyama.

Waonjaji walikuwa watano, na mmoja wao ni Orfelina. Miaka yote ile alikuwa akivuka barabara akiniona. Akaonja changu kwanza, akala mpaka akapangusa sahani kwa mkate. Kisha akatia kijiko kwenye sahani ya Eleuterio. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatema kwenye leso, akaikunja.

"Hii naijua," akasema.

Watu wakasogea mezani.

"Mkojo wa paka, na ile ngozi inayobaki kwenye meno. Nililala zahanati siku mbili na ladha hii mdomoni. Naijua kuliko jina la mume wangu." Akanitazama mie, mara ya kwanza tangu siku ile. "Nilidhani ni mikono yako."

Eleuterio akasema jibia wa mwaka huu wabaya, maji yamepata joto. Mtu nyuma akamwambia mbona wa Zunilda katoka maji yale yale. Akasema labda sufuria. Mwingine akasema sufuria si umeileta mwenyewe.

Ndipo nikasimama kwenye kreti yangu, polepole, magoti haya.

"Na huyu, shemeji, kaosha nani?"

Akageuka upande wa kushoto, alikozoea kusimama Marta. Akageuka upande wa kulia, alikozoea kusimama Baudilio na glasi yake. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na meza, na uji wa kahawia, na mikono yake imejaa uji huo mpaka kwenye viwiko.

"Mimi," akasema.

"Na yule wa mwaka ule?" akauliza Orfelina.

Akavua kofia. Beji zikagongana.

"Mimi."

Alisema chini chini, kama mtu anayeongea na viatu vyake. Nikamwambia arudie kwa sauti, maana waliokaa nyuma hawakusikia.

Akarudia.