Bunduki Iliyodunda Jiweni

Mwanangu, kuna siku moja ya soko ambayo sijaisahau hadi leo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, mitumba na redio kaseti zilipoanza kujaa Tukuyu, na Ibighi, penye soko, ikapata kibanda cha video. Televisheni moja, jenereta nyuma ya ukuta, mabenchi ya mbao, basi. Sisi vijana wa kijiji cha Suma tulikuja kwa miguu na matope yetu, tukabanana humo.

Rafiki yangu Ambakisye aliipenda filamu moja ya kijasusi kuliko chakula. Kiingereza chake hatukukielewa, kwa hiyo yeye ndiye aliyetueleza, na alichotueleza zaidi ni silaha.

"Tulieni! Hiyo bastola ni ya kuzungusha risasi. Yule mwenye koti ana SMG, ile ya wanajeshi. Sikilizeni inavyokohoa!"

Ukimbishia anakwambia, "Wewe nenda kachume chai." Tulicheka, lakini tulimwamini. Wala simlaumu. Kijana akipata jambo moja analolijua kuliko wenzake, hulishika kwa mikono miwili.

Sasa, jioni moja ya ukungu, watu wawili waliofunika nyuso waliingia katika duka la mama mmoja kijijini kwetu. Walimtishia kwa bunduki, wakabeba redio na sukari yake. Hawakufyatua risasi. Ambakisye alikuwa akipita, akawaona wakikimbilia migombani. Asubuhi yake mwenyekiti wa kijiji akamwita aeleze alichokiona.

"SMG," alisema bila kusita. "Ile yenye magazini iliyopinda. Naijua."

Watu wote wakageuka kumtazama Baba Tumaini. Kijiji kizima ni yeye peke yake aliyewahi kuwa mwanajeshi. Hata kama hakwenda dukani mwenyewe, walisema, nani mwingine angewapa wezi silaha ya jeshi? Mgambo wakamfunga mikono kwa kamba ya mgomba, wakamweka katika ofisi ya kijiji kusubiri gari la polisi kesho yake. Mkewe alikaa chini nje ya mlango.

Siku hiyo ilikuwa ya soko, nasi mchana tukaenda Ibighi kama kawaida. Mashine ya video ilikuwa inasumbua, picha inakwama na kuendelea, inakwama na kuendelea. Jasusi wa filamu ile ile alipoanguka kwenye ngazi za mawe, picha ikasita, tukaona kitu ambacho hatukuwahi kukiona. SMG yake iligonga jiwe, mtutu ukapinda kama ndala, ukadunda, ukanyooka tena.

"Fundi!" mtu wa nyuma akampigia Ambakisye kelele. "Bunduki yako ya mpira hiyo!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Ambakisye hakucheka.

Watengeneza filamu hawana kosa, mwanangu. Mwigizaji akipigwa picha kwa karibu hupewa bunduki ya chuma. Akitakiwa kuanguka hupewa ya mpira au ya mbao, asiumie. Nyingine huvishwa vipande ifanane na aina nyingine kabisa, na mlio huongezwa baadaye. Kuzitambua ni burudani nzuri, ilimradi ukumbuke kwamba unachotambua ni umbo.

Tulipotoka nje Ambakisye alisimama. "Hata mgambo wetu wanafanya mazoezi kwa bunduki za mti," alisema. "Na jana kulikuwa na ukungu. Mimi niliona umbo tu."

"Sasa utawaambia nini? Watakucheka."

"Wacheke. Yule mzee amefungwa kwa mdomo wangu."

Alirudi Suma kwa mwendo ambao mimi niliufuata kwa kukimbia. Alisimama mbele ya mwenyekiti, katika ofisi ile alimofungiwa Baba Tumaini. "Niliona kitu cheusi kilichopinda. Kama ni chuma au mti, sijui."

"Ee, mtaalamu wa silaha leo hajui!" mgambo mmoja akamdhihaki.

"Nyamaza," mwenyekiti akamwambia. "Asubuhi alituambia zaidi ya alichokiona. Sasa ametuambia alichokiona. Na sisi wakubwa tulimfunga mtu kwa hilo tu." Akainama, akaifungua kamba mwenyewe.

Baba Tumaini alisugua vifundo vya mikono, akamgeukia kijana. "Ndaga, mwanangu," alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Ila siku nyingine, anza na hilo."

Wezi hawajajulikana mpaka leo. Ambakisye aliendelea kutueleza filamu, ila sasa alisema, "Hiyo inafanana na SMG," nasi tukampenda zaidi.

Basi, mwanangu, penda unachokipenda, ukijue mpaka wenzako wakuulize. Lakini ukiulizwa jambo linalomgusa mtu, sema yale macho yako yaliyoyaona, na yanapoishia nawe ishia hapo. Ukiwa umeshapitiliza, usione haya kurudi. Rudi siku hiyo hiyo, kabla gari halijafika. Mungu akupe macho ya kuona, na miguu myepesi ya kukurudisha.