Sauti ya Mjukuu Wangu Redioni

Mjukuu wangu alipata kazi ya kusoma habari za mvua redioni. Wasikilizaji wakimkataa, anafutwa.

Siku ya kwanza tulikuwa kwenye mwethya, akina mama tukisaidiana kuchimba mitaro shambani, redio tumeitundika mtini. Msichana akatoa Kiswahili cha puani, kama mzungu mwenye mafua. Jirani yangu akacheka, "Huyo anatabiria London?" Akaizima.

Nikampigia mjukuu wangu simu, nikamuuliza: "Mama, hiyo sauti umeiazima wapi?"

"Susu, nyanya yangu, wakubwa wa kazini watacheka wakisikia Ukamba wangu."

"Hao wakubwa wanapanda mbaazi?"

Kesho yake akasoma akipandisha na kushusha maneno vile tunavyoongea hapa kijijini Tulia. Jirani yangu akatupa jembe chini. "Nyamazeni! Mtoto wetu amesema tupande lini?"